Mke au ndege? Kijana wangu, nami niliulizwa swali hilo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Mwanza. Ndiyo kwanza amepata leseni ya urubani wa biashara, ana saa 200 na ushei angani, na kuna kampuni imemwita kazini. Ameandika hivi: "Shikamoo Kapteni. Mchumba wangu kaniambia nichague, yeye au ndege. Nampenda, lakini nikiacha kuruka nitakufa. Nifanyeje?"

Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Nimeuona ukiniangalia kila nikishika simu. Ninyi mnaonisoma hapa mnajua anachosema, maana wengi wenu ni kama mimi: mtoto wa skuli anayechungulia dirishani mwalimu akifundisha, kwa sababu kuna mlio umepita juu ya bati. Ugonjwa huo hauna dawa, wala mimi sitamwambia kijana yeyote aache kuruka. Ila kuna mambo sikuambiwa na mtu nilipokuwa na umri wake, na nimeyalipia kwa gharama kubwa.

Nianze na mzee mmoja wa Marekani, kwa sababu jina lake nililijua kabla sijajua kusoma. John Glenn, rubani na mwanaanga.

Wazee wa Unguja wanakumbuka kwamba pale Tunguu, sehemu ambayo leo vijana wanaijua kwa chuo kikuu cha SUZA, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani. Ujenzi ulianza 1960. Vyama vya siasa vilikuwa na maneno mengi juu yake, watu wakihofu kwamba ni mambo ya kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Lakini kwa miaka hiyo michache kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo 18 vilivyoizunguka dunia, vingine vikiwa juu ya meli. Mtu akitoka Florida alisikilizwa na Kano kule Nigeria, kisha Tunguu, kisha meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, halafu Australia.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akikata majani pale. Kibarua tu. Tarehe 20 Februari 1962, Ramadhani ikiwa katikati, alirudi nyumbani jioni akamwambia baba yangu, mtoto wa miaka 8: "Leo kuna mtu kapita juu yetu, hajaonekana, lakini kaongea." Saa kumi na mbili na kitu jioni, futari ikiwa jikoni, John Glenn alipita juu ya Unguja ndani ya chombo kidogo kiitwacho Friendship 7. Daktari wa kituo cha Tunguu alizungumza naye juu ya afya yake. Huko juu alivuta kamba ya mpira kwa sekunde 30, mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124, na chini ya dakika mbili yalikuwa yamerudi 84. Alifanya mizunguko mitatu, chini ya saa tano kwa jumla, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia.

Baba hakuacha kusimulia jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Alikuwa karani bandarini Malindi, hakuwahi kupanda ndege hata mara moja, lakini alikata kila kipande cha gazeti kilichomtaja Glenn. Kutoka kwenye bahasha ile ya vipande ndipo nilipojifunza kwamba huyu mzee hakuwa mtu wa siku moja. Alizaliwa Ohio mwaka 1921, baba yake fundi bomba. Alipokuwa na miaka 8, umri uleule wa baba yangu siku ile ya Tunguu, baba yake alimpandisha ndege ya mabawa mawili, wakabanana kiti kimoja cha nyuma. Hapo ndipo ugonjwa ulipomshika. Vita vya pili vya dunia aliruka mara 59, Korea mara 90. Mwaka 1957 alivuka Marekani nzima kutoka California hadi New York kwa saa 3 na dakika 23. Akaingia siasa, akashindwa, akaingia tena, akawa seneta wa Ohio miaka 24. Mwaka 1998, akiwa na miaka 77, akarudi angani kwa siku tisa ndani ya chombo kiitwacho Discovery.

Mambo hayo kila mtu anayajua. Mimi nilipokuwa kijana niliyashika hayo tu. Nilibandika picha yake juu ya kitanda changu, amevaa mavazi ya rangi ya fedha, nikasema nitakuwa hivi.

Kilichokuwa pembeni ya picha sikukiona. Mkewe.

Annie alikuwa na kigugumizi kikali tangu utotoni. Kikali hasa: hakuweza kupiga simu, hakuweza kumwambia dereva wa teksi anakokwenda, dukani alikuwa akiandika kwenye karatasi. Siku moja binti yao alikanyaga msumari, damu zikamtoka, na mama mtu hakuweza kuita msaada kwa simu mpaka alipokimbilia kwa jirani. Na mumewe ndiyo huyo, yuko vitani, au yuko kwenye ndege ya majaribio. Tena walijuana tangu wakiwa watoto wachanga, wazazi wao walikuwa marafiki. Wakafunga ndoa Aprili 1943, akaenda vitani.

Kila alipoondoka alimwambia maneno yaleyale: naenda tu dukani hapo pembeni kununua jojo. Naye akimjibu: usikawie. Vita viwili, Friendship 7, mpaka Discovery. Mwaka 1998 alimpa pakiti ya jojo kweli, akaiweka karibu na moyo wake mpaka mume aliporudi.

Na kuna siku ambayo mimi naiona kubwa kuliko ile ya Februari. Mwezi mmoja kabla, Januari 1962, Glenn alikuwa amefungwa ndani ya chombo, saa zinakwenda, na safari ikaahirishwa kwa sababu ya mawingu. Wakati huohuo Makamu wa Rais, Lyndon Johnson, alikuwa nje ya nyumba yao akitaka kuingia kumfariji Annie, na watu wa televisheni nyuma yake. Annie hakutaka. Aliogopa kusimama mbele ya kamera na maneno yasitoke. Wakubwa wa Glenn wakamtaka azungumze na mkewe amlegeze. Fikirieni: mtu ameusubiri wakati huu maisha yake yote, na nafasi yake ya kuruka imo mikononi mwa wakubwa haohao. Alimwambia mkewe kwamba kama hataki waingie, hawaingii, na yeye yuko nyuma yake asilimia mia. Hawakuingia.

Mimi nisingefanya hivyo. Nasema wazi. Mimi ningemwambia mke wangu afungue mlango, na atabasamu.

Nilianza kazi 2005. Masomo yangu Afrika Kusini yaligharimu kiwanja cha familia, na nilirudi na deni la heshima kwa ukoo mzima. Nilirusha Cessna Caravan, ndege ya injini moja ambayo kila mtu wa Unguja, Pemba na Mafia anaijua. Rubani mmoja, abiria kumi na mbili hivi. Unguja hadi Dar dakika 20, Unguja hadi Pemba nusu saa, kisha siku nyingine Selous, Ruaha, Seronera, unapita chini mara ya kwanza kuwafukuza pundamilia uwanjani ndipo utue. Sijapata kuona kazi tamu kama hiyo. Leo nina saa zaidi ya 11,000, na namshukuru Mwenyezi Mungu, sijawahi kumuumiza abiria hata mmoja. Hilo najivunia na sitaona haya kulisema.

Baba alikuwa na ombi moja tu. Nimpandishe, nimpitishe juu ya Tunguu, aone alichokiona mtu yule.

Nilimwambia: safari ijayo, baba.

Alikuja uwanjani Kisauni mara mbili, kanzu imepigwa pasi, kofia ya darizi aliyoivaa siku ya harusi yangu. Mara ya kwanza watalii walikuja na mizigo mingi, uzito ukajaa, hakuna la kufanya. Mara ya pili kiti kilikuwapo. Kilikuwapo, ndugu zangu. Niliona taabu kwenda ofisini kumwombea ruhusa, kwa sababu wiki ile nilikuwa nagombania nafasi ya ukapteni mkuu na sikutaka nionekane mtu wa kuleta jamaa zake. Nikamwambia ndege imejaa. Akasimama nje ya uzio mpaka nilipopaa. Nilimwona kwa pembe ya jicho, kofia nyeupe.

Alifariki Juni 2013. Mimi nilikuwa Ruaha na wageni kwa siku tatu, hakuna mtandao, ujumbe ukanifikia kwa redio ya kambi magharibi imeingia. Nanyi mnajua kwetu maiti hasubirishwi. Alishazikwa Mwanakwerekwe baada ya alasiri. Niliporudi kesho yake na kushuka kuelekea uwanjani, mji wote uko chini yangu, nilijua kwamba mahali fulani pale kuna udongo mbichi, na mimi niko kwenye redio naomba ruhusa ya kutua kwa sauti yangu ya kila siku.

Nimeandika sana juu ya kupata leseni, juu ya kutunza saa zako, juu ya usaili. Hili sikuwahi kuliandika. Limeninyima usingizi miaka kumi na mbili.

Ungedhani msiba ule ulinifunza. Haukunifunza kitu. Nilizidisha kazi. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu, tukiishi Tomondo, na ndege zinapita juu yetu kutwa. Mama yake alimzoesha kila ndege ikipita apunge mkono aseme, "Baba huyo!" Jambo zuri. Lakini siku nilipoingia mlangoni na begi langu baada ya siku kumi na nne bara, alijificha nyuma ya bibi yake akaninyooshea kidole akauliza huyu ni nani. Kwake yeye baba ni kitu kinachopita juu.

Mwaka 2014 mke wangu alimchukua mtoto akarudi kwao Chake Chake, Pemba. Hakugomba. Alikunja nguo tu. Akaniambia siku ile nichague, maneno yaleyale aliyoambiwa kijana wa Mwanza, nami nikajibu kama anavyotaka kujibu yeye: nikiacha kuruka nitakufa.

Alikaa kwao miezi saba. Sasa nisikilizeni. Katika miezi hiyo saba nilitua Pemba karibu kila siku, siku nyingine mara mbili. Kutoka kiwanjani hadi nyumbani kwa wakwe zangu si mbali, pikipiki ingenifikisha na kunirudisha. Nilikuwa nasimama chini ya bawa dakika 20, nahesabu abiria, nasaini karatasi, napaa. Mke wangu alikuwa akiusikia mlio wangu. Aliniambia baadaye kwamba aliujua, alikuwa anajua hata siku ambazo si mimi.

Baba mkwe ndiye aliyekuja. Mzee wa watu, mkulima wa karafuu, hana maneno mengi. Alinikuta chini ya bawa, nikamshika mkono nikamwamkia. Akaitazama ndege, akanitazama. Akasema: "Mwanangu, kutua unatua kila siku. Kufika hujafika."

Akageuka akaenda zake.

Usiku ule nilitoa bahasha ya baba. Nilikuwa sijaigusa tangu alipofariki. Nikasoma vile vipande vyote kwa mara ya kwanza nikiwa na akili ya mtu aliyeoa, na ndipo nilipomwona Annie, na jojo, na mlango usiofunguliwa. Nikasoma kwamba mwaka 1973 alikwenda Virginia kwenye mafunzo ya wiki tatu ya kigugumizi, na yalipomalizika alimpigia mumewe simu mwenyewe. Wakati huo walikuwa na miaka 30 ya ndoa. Alimwambia kwamba amekwenda madukani na ameuliza kila alichotaka kwa mdomo wake. Na kwamba kuna jambo amelitaka kumwambia miaka mingi: aokote soksi zake.

Nililia. Mwanamume mzima, saa saba za usiku, juu ya soksi za Mzungu. Kwa sababu nilijiuliza mke wangu ana maneno gani ambayo hajapata nafasi ya kuniambia, yeye asiye na kigugumizi chochote.

Kesho yake nilitua Chake nikaomba mwenzangu arudishe ndege. Nikaenda kwa miguu. Nikamuuliza mke wangu swali ambalo ningemuuliza miaka mitano nyuma: unaogopa nini hasa? Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima juu ya usalama wa ndege, injini, ukaguzi, vipimo vya afya. Hakunipa nafasi ya kuitoa. Akasema, "Kifo chako nimemwachia Mungu. Mimi nachoka kumpikia mtu nisiyejua anakuja lini."

Basi hilo ndilo, kijana wangu wa Mwanza. Usimjibu mchumba wako kabla hujamuuliza. Umesikia "mimi au ndege" ukadhani anazungumzia ndege. Muulize anaogopa nini, kisha nyamaza. Nyamaza kweli, usitayarishe jibu moyoni huku unaitikia.

Na umwambie saa ya kurudi. Saa ya kweli. Kama ni siku kumi sema kumi, usiseme tano ili umfurahishe. Kama umechelewa Arusha kwa mvua, mtu wa kwanza kujua awe yeye, si rafiki yako wa kwenye baa ya marubani. Glenn alimwambia mkewe anakwenda dukani, na wote wawili walijua haendi dukani, lakini maneno yale yalikuwa ahadi ya kurudi. Wewe unatoa ahadi gani ukitoka? Wengi wetu tunabeba begi tu tunasema "haya."

Mimi niliomba ofisini nibadilishiwe ratiba, wakakataa. Bado linaniuma, kwa sababu niliwapa miaka tisa na sikukosa zamu hata moja. Nikaacha kazi, nikaenda kampuni nyingine kwa mshahara pungufu, ambako nalala nyumbani usiku mwingi wa wiki. Wenzangu walinicheka. Sikuwa kapteni mkuu, na sasa sitakuwa. Nimepata mtoto wa pili, wa kiume, ambaye hajawahi kuuliza mimi ni nani.

Msiniambie kwamba mapenzi ya kuruka yanapungua ukiwa mtu wa nyumbani. Tazameni yule mzee. Aliishi miaka 95, ndoa miaka 73, na alirusha ndege yake mwenyewe ya injini mbili, Beechcraft Baron, mpaka alipokaribia miaka 90. Mkewe pembeni yake. Hakuiacha kwa sababu macho yalikwisha wala moyo ulichoka. Waliiuza kwa sababu magoti yao wote wawili yalikuwa hayawezi tena kupanda juu ya bawa ili kuingia. Wote wawili! Mtu anayeruka peke yake haachi kwa sababu ya magoti ya mkewe. Alifariki Desemba 2016, akazikwa Arlington tarehe 6 Aprili 2017, siku ambayo wangetimiza miaka 74 ya ndoa. Annie alimfuata 2020 akiwa na miaka 100.

Nina miaka 46. Tangu nitimize 40 napimwa afya kila miezi sita, na kila nikitoka kwa daktari na karatasi yangu nafikiri nina miaka mingapi ya kuruka. Nikipewa ishirini nitashukuru. Lakini sitaki kuimaliza huku watu wangu wako nje ya uzio. Nawaambia ninyi vijana mnaongoja mwaka wa kumi ndipo mwombe kiti cha mama: ombeni sasa. Ofisi ikikataa, nunua tiketi. Mshahara wa mwezi mmoja utarudi. Mama hangoji ukapteni wako.

Mwezi uliopita nilipata safari ya kupeleka ndege tupu Pemba kuchukua wageni. Siku kumi kabla nilikwenda ofisini nikaomba, nikajaza fomu, wakakubali. Nikampandisha binti yangu, ambaye sasa ana miaka 15, na mama yangu mwenye miaka 71. Mama alikuwa na tasbihi mkononi kutoka nyumbani. Tulipaa, nikaomba ruhusa mnarani tugeuke kushoto kabla ya kuelekea kaskazini, na dakika chache baadaye nikalaza bawa kidogo. Nikawaonyesha: minazi, barabara, mapaa ya chuo. Tunguu.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha akavuta kile kisikizi sikioni, akaniuliza kwa sauti ya juu kushinda injini, "Baba yako angekaa kiti gani?"

Nikamwonyesha kile cha mbele, kulia kwangu. Kilikuwa kitupu. Akaitikia kwa kichwa, akarudisha kisikizi, tukaenda hivyo mpaka Chake.